Mfereji wa Safu ya Nane

Shangazi yangu Samsam anawapikia chai wafanyakazi wa reli hapa Nakuru mwaka wa kumi na nne sasa, na katika miaka hiyo yote amechelewa mara moja tu. Mara hiyo nayo anasema kosa lilikuwa la saa ya stesheni. Ana ubao mmoja, mawe mawili ya kuuegemeza, vikombe kumi na vinane vya bati, na masufuria mawili ambayo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuyasugua. Wapiga nyundo, makuli, hata makarani wa tikiti humwita Mama Chai, na yeye huwaita wote "kijana wangu", pamoja na wale waliomzidi umri.

Chai ni maji. Hilo watu husahau. Wanasifu maziwa, wanasifu tangawizi, lakini mimi niliyekuwa nikibeba najua chai ni maji. Kila asubuhi shangazi alihitaji madebe matatu: mawili ya kupikia na moja la kuoshea vikombe. Na safu yetu ya nyumba katika lokesheni, mtaa tuliopangiwa na serikali, yaani Safu ya Nane, haikuwa na mfereji. Uliokuwa karibu ulikuwa sokoni, hatua mia nne na kumi kutoka mlangoni petu ukienda na debe tupu, na mia tano na thelathini ukirudi na debe kichwani, kwa sababu hatua zinafupika. Nilizihesabu. Mtu asiyesema sana lazima akipe kichwa chake kazi.

Mimi naitwa Hadiya, nina miaka kumi na sita. Mama alifariki nikiwa sijaota meno, na baba huswaga ng'ombe wa watu mpaka Isiolo, akarudi anapokumbuka; shangazi ndiye aliyenilea. Shule nilisoma miaka miwili na muhula mmoja, kisha nikatolewa nisaidie nyumbani. Kuna watu waliosoma miaka minane wasijivune hata siku moja. Mimi miwili yangu nimejivunia kila siku.

Watu wa safu yetu husema mimi ni msichana mwenye busara. Wanasema hivyo kwa sababu ninatazama na kunyamaza. Ukweli ni kwamba mara nyingi ninanyamaza kwa kuwa sina neno, na mara zilizobaki kwa kuwa naogopa. Lakini debe lililofunikwa, nani ajuaye kama lina maji? Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu, ukikifunua, ndani utakuta kimya kingine.

Sasa goti. Mwanzoni mwa mwaka wa 1958 goti la kulia la shangazi lilivimba likawa kama kiazi. Alikuwa akibeba debe moja na mimi mawili, safari mbili. Daktari wa dispensari akamwambia asibebe tena kitu kizito kuliko kikombe. Shangazi akamjibu, "Kikombe kipi, kijana wangu, kitupu au cha chai?" Akarudi nyumbani akabeba debe, na siku ya tatu akaanguka nalo karibu na duka la Ranjan, maji yote yakaingia dukani, na Ranjan, ambaye ni mtu mpole, akatoka na ufagio akamsaidia kuinuka kwanza, ndipo akafagia.

Habari ikafika Gilgil kwa ndugu yake Abdirashid, ambaye ni mdogo kwa shangazi lakini ana lori, kwa hiyo anajiona mkubwa. Akatuma barua. Alisema atakuja na lori kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, achukue vyombo vyote, na dada yake akae Gilgil apumzike. Mimi ndiye niliyemsomea. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Gilgil, mke wa Abdirashid anafungia sukari sandukuni. Mtu unaomba sukari kama unaomba pasi ya kusafiria." Halafu akahesabu vikombe vyake vyote, ingawa hakuna aliyekuwa amevigusa. Nikajua anaogopa. Mtu aliyewalisha watu miaka kumi na minne, kwenda kukaa mahali alishwe!

Basi mambo yalikuwa hivyo: mfereji uje Safu ya Nane kabla ya mfungo, au Mama Chai auze vikombe vyake. Na mimi, nisidanganye, niliutaka mfereji kwa ajili ya shangazi na kwa ajili ya shingo yangu pia. Sijui kipi kilitangulia. Naomba iwe shangazi.

Baraza la lokesheni lilikaa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mchana, ukumbini. Kila safu ilikuwa na mjumbe wake, na wa kwetu alikuwa Mzee Kiprugut, aliyepigana vita Burma na ambaye husimama wima hata akiwa amekaa. Akasema maombi lazima yawe kwa barua, na barua lazima iandikwe na msomi. Wote wakanigeukia. Tulikuwa mbele ya mlango wetu, watu kama kumi hivi, na kati yao jirani yetu Namalwa, muuza mboga, ambaye sauti yake hufika sokoni kabla yake.

"Andika," Namalwa akaniambia, "tunataka mfereji. Mfereji ya maji, ile ya chuma, ile ya kufungua na kufunga. Andika hivyo hivyo nimesema."

"Amesikia," Mzee Kiprugut akasema. "Mtoto amesoma huyu."

Nilisikia. Lakini niliyaona ni maneno ya jikoni. Kumbuka barua ingesomwa na Bwana Abdisalam, karani wa baraza, na Bwana Abdisalam alikuwa mtu wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kama nguo iliyopigwa pasi. Sisi huku bara tunasema "kitu yangu imepotea". Yeye anasema "kitu changu kimenipotea", na unamhurumia zaidi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitamani ajue kwamba katika lokesheni hii, katikati ya hawa wanaosema "ile ya kufungua", yuko mtu mmoja mwenye lugha.

Nikaandika hivi: "Kwa unyenyekevu na taadhima tunaomba mfereji wenye kutiririsha maji bila kukoma, yapite mbele ya nyumba zetu kama rehema, yaondoe uchafu, na watoto wetu wayatazame wakafurahi." Neno chuma halikuingia. Kufungua na kufunga nikayaacha nje kama viatu.

Nilipowasomea, Namalwa akakunja uso. "Na ile ya kufungua iko wapi?"

"Iko ndani kwa ndani," nikamwambia. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizosema wiki hiyo.

Jumamosi ikafika. Mbele walikaa Mzungu msimamizi, tuliyemwita Bwana Lokesheni, na karibu naye Bwana Abdisalam na kalamu yake. Wanawake tuliketi nyuma. Ikasomwa kwamba kwa nusu mwaka huu kuna fedha za kazi ndogo ndogo, na za kituo kimoja tu cha kuchotea maji kwa lokesheni nzima. Barua za safu zote zikaletwa. Ya kwetu ilipofika, karani aliisoma kimya, akaisoma tena, akatabasamu, kisha akamwita mjumbe wetu.

"Mzee, mwataka mfereji?"

"Mfereji, ndio."

"Uanzie wapi?"

"Itoke huko kwa soko, ikuje mpaka kwetu."

"Na kimo?"

Mzee Kiprugut akajigusa mkanda wa suruali. "Ya kiunoni. Hata mtoto afike."

Karani akainua macho. "Watoto muwaangalie sana."

"Tutawaangalia. Mtoto akicheza na maji ni kiboko."

"Vyema. Na upana?"

Hapo mzee wetu alisita kidogo. Katika maisha yake hajawahi kuulizwa upana wa mfereji. Lakini askari hashindwi. Akatanua mikono miwili mbele yake. "Debe iingie hapo. Isikwame."

"Upana wa debe," karani akasema akiandika.

 Nilijua jambo moja ambalo wengine ukumbini hawakulijua. Kila Ijumaa shangazi hunituma kwa mke wa karani kumpelekea mandazi, na kwao uani kuna mfereji wao, wa chuma, mzuri. Mke wa karani hauiti mfereji. Anauita bomba. "Hadiya mwanangu, nifungie bomba hilo." Sasa nikajiuliza: ikiwa mfereji wetu kwa watu wa Tanga ni bomba, mfereji wa watu wa Tanga ni kitu gani? Na jibu lilikuwa pale mbele, likipimwa kiunoni, likiandikwa upana wa debe. Ni mtaro. Karani alikuwa akituandikia mtaro.

Akamgeukia Bwana Lokesheni, akamweleza kwa Kiingereza. Shuleni nilifundishwa kwamba mfereji kwa Kiingereza ni "tap"; ni mojawapo ya maneno kama thelathini niliyotoka nayo. Nikatega masikio nikisubiri. Halikutoka. Bwana Lokesheni akafurahi mno, akasimama akatuambia kwa Kiswahili chake, "Hii safu ya nane mzuri sana. Iko na akili. Mfereji kuja, mbu hapana!"

Namalwa akaninong'oneza, "Mbu inaingia wapi kwa mfereji?"

"Wazungu wana elimu yao," akajibu mama mwingine.

Nilikuwa na nafasi. Nataka niiseme wazi, kwa sababu baadaye nilijidanganya kwamba sikuwa nayo. Mkono ungeinuka tu. Nikaanza kuuinua, haki ya Mungu, ukafika begani. Na wakati huo huo Bwana Abdisalam akasema, "Na barua hii kaiandika nani?"

Mzee Kiprugut akanielekeza kidole. Ukumbi mzima ukageuka.

"Binti, Kiswahili hiki umekitoa wapi?" karani akasema. Akaisoma barua yangu kwa sauti, yote, kwa ile sauti yake ya pasi. Alipofika "kama rehema" kuna mzee aliyesema "Subhanallah". Watu wakapiga makofi. "Huyu," karani akamaliza, "alikosea njia tu. Alistahili kuzaliwa Tanga."

Mkono wangu, uliokuwa begani, ukaendelea mpaka kwenye mtandio, ukautengeneza.

Siku tisa baadaye wachimbaji wakaja na sululu, wakiongozwa na fundi Jaswant, Kalasinga mrefu mwenye kilemba ambaye hupokea kazi za kuchimba na za simiti. Safu yote ikatoka kushangilia. Kila mtu alifahamu kinachochimbwa: ni njia ya kulaza paipu. Udongo wetu wa Nakuru ni kama majivu, unachimbika upesi, na vumbi likaingia mpaka kwenye unga, hakuna aliyelalamika. Shangazi akaamua kuwapikia chai wachimbaji, wote tisa, asubuhi na mchana.

"Watu wanatuletea maji," akasema, "wanywe maji makavu?"

Madebe matatu yakawa matano. Goti lake lilikuwa halifai kabisa sasa, kwa hiyo yote matano ni yangu. Nilibeba maji ya kuwapikia chai watu waliochimba kosa langu, na kila nilipopita walinishukuru.

Siku ya tatu nikajikaza nikamwendea Jaswant alipokuwa peke yake. Nilitaka Mungu anionyeshe kwamba nilikosea.

"Singh, paipu italala upande gani?"

"Paipu gani?" Akatoa karatasi mfukoni, akaipiga kwa kucha. "Mimi iko na karatasi ya dreni tu. Chimba, weka mawe, piga simiti, kwisha. Halafu mimi naenda Njoro." Akaniangalia vizuri. "Kwa nini wewe nauliza paipu?"

"Nauliza tu."

Sasa nilijua kwa hakika, na kwa siku nne zaidi sikumwambia mtu. Niliona mengi siku hizo nne, kutazama sikuacha. Nilimwona shangazi akichagua mahali pa kuweka jiwe la kukalia akisubiri zamu yake, mfereji utakapofika. Nilimwona Namalwa akiwagombeza watoto mapema, kwa maji ambayo hayajafika. Jioni nilijiambia nitasema asubuhi, na asubuhi nilijiambia mtu hasemi jambo kama hilo kabla watu hawajanywa chai.

Simiti ikakauka. Jaswant akafunga vifaa. Bwana Abdisalam akaja na daftari lake kukagua, na Mzee Kiprugut akamfuata kwa mwendo wa kijeshi mpaka akaruka ndani ya mtaro ili aonyeshe hakuna paipu.

"Karani, kazi ni mzuri. Lakini mfereji yenyewe iko wapi?"

Bwana Abdisalam akamtazama kutoka juu. "Mzee, umesimama ndani yake."

 Kisha Namalwa akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "Huu ni mtaro! Karani, sisi tunakunywa mtaro?"

"Mliomba mfereji, mmepewa mfereji. Mngetaka bomba, mngesema bomba."

"Bomba ni ya kujaza baiskeli upepo!" Mzee Kiprugut akasema kutoka chini.

"Basi hayo ni yenu." Karani aliumia. Alidhani ametutendea wema. "Ombi la Safu ya Nane limetimizwa. Bomba la nusu mwaka huu linakwenda Safu ya Kumi na Mbili, litapitishwa Jumamosi. Ninyi ombeni tena baadaye."

Alipogeuka aende zake, maneno yakaanza. Mpaka jua linazama karani alikuwa ameshapewa mbuzi na Safu ya Kumi na Mbili. Kesho yake mbuzi walikuwa wawili, na Namalwa aliwajua rangi. Watu wakakusanyika tena mlangoni petu, na Mzee Kiprugut akaniletea karatasi mpya.

"Andika ya kumshtaki," akasema. "Andika kwa ile kalamu yako kali. Huyu mtu ametuuza. Jumamosi utasoma wewe mwenyewe mbele ya Bwana Lokesheni, na karani atolewe kazini."

Nikaichukua karatasi. Ndiyo mimi huyo: hata wakati huo niliichukua, nikatikisa kichwa kwa busara.

Ndani, shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu umenyooka, anafunga vikombe kwa magazeti, kimoja kimoja. Alikuwa amefika cha saba. Barua nyingine ya Abdirashid ilikuwa imefika: Jumamosi itakayofuata ile ya baraza atakuja na lori.

"Shangazi, acha kwanza."

"Niache nini? Sufuria nitazibeba mimi mwenyewe, hizo Abdirashid asiziguse." Akachukua cha nane. "Namalwa anasema karani amekula mbuzi. Mimi yule mtu namjua, mandazi yangu analipa siku ile ile. Lakini sijui, watu hubadilika."

Nikataka kumwambia.  Nikatoka, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Jumamosi ukumbi ulijaa hata madirishani. Mjumbe wa Safu ya Kumi na Mbili, Mathenge mshonaji, alikuja amevaa koti lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Shangazi aliletwa na vijana wawili wa reli, wakamkalisha kwenye kiti chenye mgongo. Mzee Kiprugut akasimama. "Bwana, Safu ya Nane iko na mashtaka. Msomi wetu atasoma."

Nikasimama na karatasi. Ilikuwa tupu. Bwana Abdisalam aliniangalia, na nadhani alijua kinachokuja, kwa maana aliweka kalamu chini akakunja mikono, kama mtu anayengoja kupigwa na mtoto aliyemsifu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Nilikuwa na "laiti" mbili na "ilhali" moja. Yote yakanitoroka, sijui yalipitia mlango gani. Nikajisikia nikipiga kelele: "Ni ya kufungua! Ni mfereji ya kufungua na kufunga!" Na mkono wangu uko hewani unazungusha kitu ambacho hakipo, hivi, hivi, kama mtu anayepika ugali juu chini.

Watu wakaanza kucheka. Nikaendelea, kwa sababu kama ningenyamaza hapo nisingeanza tena mpaka kufa. Nikasema karani hakula mbuzi. Nikasema Namalwa aliniambia niandike chuma, niandike kufungua, nikaona ni maneno ya jikoni. Nikasema kwamba siku ile ile, palepale, nilijua karani anaandika mtaro, na nikanyamaza kwa sababu alinisifu. Nikasema shangazi yangu anafunga vikombe. Hapo nikakaa, na benchi halikuwa pale nilipodhani.

Kicheko kilichofuata, wenye maduka walitoka kuuliza kuna nini. Namalwa ndiye aliyeniinua. "Ndani kwa ndani, eh?" akaniambia sikioni. "Iko ndani kwa ndani! Mjinga wewe." Lakini alinishika mkono na hakuuachilia.

Bwana Lokesheni akauliza kinachochekesha. Bwana Abdisalam alimweleza kwa kirefu, na nilisikia "tap", na nikasikia tena "tap". Mzungu akajifunika uso kwa karatasi. Karani mwenyewe hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwa wote, "Nami nilipaswa kuuliza. Mtu akiniambia mtoto afike, nisimwulize anafika wapi? Barua ilinilevya."

"Hata hivyo," Mathenge akasimama, akishika kola ya koti, "makosa ya safu ingine si makosa yetu. Mfereji ni wa Kumi na Mbili."

Alikuwa na haki, na Bwana Lokesheni akaitikia kwa kichwa, akataka kutia sahihi. Nikamwona shangazi akitafuta fimbo yake chini ya kiti, tayari kuondoka. Ndipo kijana mmoja aliyekaa pembeni akainua mkono. Alikuwa Kipkemei, msaidizi wa Bwana Afya anayekagua usafi; huja kila baraza na hakuna anayemuuliza lolote.

"Bwana, maji ya kumwagika yataenda wapi?"

"Maji gani?"

"Ya mfereji. Watu wakichota inamwagika. Pahali hakuna mtaro inafanya tope, halafu mbu. Kanuni inasema mtaro kwanza, mfereji baadaye. Kumi na Mbili hakuna mtaro."

Bwana Lokesheni akamgeukia karani, na Mathenge akamgeukia karani, na sisi wote pia, na Mzungu akauliza, "Iko safu gani na mtaro?"

Bwana Abdisalam alirudisha miwani yake usoni polepole. Naapa alifurahia. "Safu ya Nane, bwana. Waliuomba kwa ufasaha mkubwa."

Mathenge alipinga kwa dakika kumi, na mwisho akaandikiwa mtaro wa Kumi na Mbili, kiunoni, upana wa debe, na ahadi ya mfereji utakaofuata. Alipotoka alinipitia akasema, "Na barua ya mfereji tutaandika wenyewe."

Nilidhani aibu yangu ingenisindikiza mpaka uzeeni. Badala yake, kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia na imevaa nguo nyingine. Kumbe nilijua kanuni ya mtaro tangu mwanzo! Kumbe nilimzunguka karani, nikaomba mtaro kwanza kwa maneno ya fumbo, ili mfereji usiwe na pa kwenda ila kwetu! Nilijaribu kueleza. Mzee Kiprugut akaniwekea mkono begani, "Hata Burma, mtu wa upelelezi haelezi." Kadiri nilivyosema ni ujinga, ndivyo walivyosifu unyenyekevu wangu. Mtu mmoja tu hakuamini.

"Wewe ujue kanuni?" shangazi akasema, akifungua vikombe kutoka kwenye magazeti. "Wewe unayetia chumvi kwenye chai?" Ilikuwa mara moja, miaka mitatu nyuma. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ulipoanguka uliumia?"

"Kidogo."

"Vizuri."

Paipu ililazwa pembeni ya mtaro, na mfereji ukasimamishwa siku ya Alhamisi, wa chuma, wenye kichwa cha shaba, milango mitano kutoka kwetu. Jumamosi Abdirashid akaingia na lori lake na kamba za kufungia mizigo. Shangazi akamkaribisha, akamkalisha mbele ya nyumba, akampa kikombe kilichojaa mpaka kikamwagika, na sukari alitia mwenyewe, vijiko vinne.

"Dada, mizigo iko wapi?"

"Mzigo gani? Kunywa chai, kijana wangu."

Akachukua birika. Debe hakuligusa. Akaenda nayo kwenye mfereji akichechemea, akafungua, akajaza, akafunga, akarudi akamimina kwenye sufuria. Akaenda tena. Birika ile inaingia mara tisa katika debe moja. Akaenda mara ya tatu, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakampisha, naye akawaambia wasimpishe, hana haraka.

Nikasimama. "Shangazi, nipe debe, nitaleta mara moja tu."

"Kaa."

"Lakini goti..."

"Nimesema kaa. Na utoe miguu hapo mlangoni, unanizibia njia."

Nikatoa miguu.